Ukichoka habari mbaya uhamie wapi? Kundi la WhatsApp, redio, TikTok na tangazo la TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) kwa kulinganisha

Aliyechoka habari mbaya ni nadra akae bila habari kabisa. Huzima taarifa ya saa mbili usiku, kisha anaendelea kupata yake kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kwa mchambuzi mmoja wa YouTube aliyemzoea, au kijiweni. Kwa hiyo la kuuliza ni amehamia wapi, na huko alikohamia atakosa nini siku habari mbaya itakapomhusu yeye, shamba lake au mtoto wake.

Wanaohama ni wengi. Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford huwauliza watu kila mwaka, sasa katika nchi zaidi ya 40, Kenya ikiwamo, kama huwa wanazikwepa habari. Mwaka 2017 waliosema ndiyo, mara nyingi au mara mojamoja, walikuwa asilimia 29. Mwaka 2025 walifika asilimia 40. Sababu wanazozitaja zinafanana karibu kila nchi: habari zinawaharibia siku, zimezidi wingi, ni siasa na vita tupu, na hata ukishajua hakuna unaloweza kufanya. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi zaidi kwa mtu anayetaka kuchagua.

## Kinachomfukuza mtu

Mwaka 1992 mtafiti wa mawasiliano Kim Witte alieleza jambo ambalo watangazaji wengi bado hawajalishika. Mtu akipewa habari ya hatari hupima vitu viwili: hatari ni kubwa kiasi gani, na yeye ana uwezo gani wa kuikabili. Vyote viwili vikiwa juu, anachukua hatua. Hatari ikiwa juu na uwezo ukiwa chini, anaiacha hatari na kuanza kuhangaika na hofu yake mwenyewe: anabadilisha stesheni, anamkejeli mleta habari, anasema "wanatutisha tu", au anamtafuta mtu wa kumwambia mambo ni shwari.

Witte na wenzake waliiangalia hali hiyo nchini Kenya, kwenye kampeni za UKIMWI kando ya barabara kuu inayotokea Mombasa, wakizungumza na madereva wa malori, utingo wao na wanawake wanaofanya biashara ya ngono kwenye vituo vya malori. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998. Mabango yalikuwa yametia hofu ya kutosha. Kilichopungua ni kumfanya mtu aamini kwamba kinga inafanya kazi na kwamba yeye mwenyewe anaimudu.

"Heri nisijue" ya enzi zile inatoka hapo. Kipimo cha VVU kilipokuwa hakina dawa nyuma yake, kujua kulikuwa mzigo mtupu. Dawa za ARV zilipoanza kutolewa bure katikati ya miaka ya 2000, jibu lilelile la maabara likapata hatua ya pili. Rais Kikwete na mkewe walipopima hadharani Julai 2007 kuzindua kampeni ya kitaifa ya upimaji, kampeni ile ilikuwa na kitu cha kumpa atakayekutwa na virusi. Ugonjwa ulikuwa uleule, na habari yake ikawa inavumilika.

Kuna na suala la upande. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009, uliokusanya tafiti 91, ulionyesha kwamba watu huchagua zaidi maelezo yanayokubaliana na msimamo wao, na hali huzidi pale jambo linapogusa imani na maadili. Lakini ulionyesha pia jambo lisilosemwa sana: maelezo yasiyopendeza yakiwa na manufaa kwa kazi ambayo mtu anayo mbele yake, huyafuata mwenyewe. Mwaka huohuo utafiti mwingine uliwaangalia wawekezaji wa Sweden na Marekani, ukakuta kwamba soko likishuka hufungua akaunti zao mara chache kuliko likipanda. Mwenye duka anayeahirisha kufunga hesabu za mwezi uliodorora hahitaji kuelezwa zaidi.

Na bado jicho linavutwa na kibaya. Majaribio yaliyofanywa katika nchi 17 na kuchapishwa mwaka 2019 yalipima jinsi miili ya watazamaji inavyoitikia habari za televisheni. Kwa wastani habari mbaya iliwashtua na kuwashika zaidi kuliko nzuri, ingawa watu walitofautiana sana. Mhariri anayeweka ajali mbele hajakosea hesabu yake: wasomaji watakuja. Kinachochoka baadaye ni moyo, na ukichoka huwa haubagui kati ya habari ya kutisha isiyokuhusu na habari ya kutisha inayotaka uhamishe magunia leo jioni.

## Vya kupimia

Pima chanzo chochote kwa maswali manne. Kinaniambia nifanye nini, au kinaniacha na hofu tu? Kikikosea, nani anajibu na sahihisho linatokea wapi? Kina mwisho, au kinatiririka mpaka bando liishe? La nne ndilo kali: mara ya mwisho kiliniambia lini jambo nisilolipenda kuhusu upande wangu, yaani chama changu, dhehebu langu, timu yangu, kabila langu? Kama hukumbuki hata moja, unachofuata kinakubembeleza. Kubembelezwa si dhambi, ila usikitegemee kwa uamuzi wowote wenye pesa au uhai ndani yake.

| Chanzo | Kinachokutuliza | Kikikosea | Mwisho | Kinakofaa |
|---|---|---|---|---|
| Kundi la WhatsApp | Unamjua anayeleta | Hakuna anayejibu | Hakina | Misiba, barabara, maji, mambo ya mtaa |
| Redio na TV | Sauti uliyoizoea, utaratibu | Mhariri na mwenye leseni | Dakika 5 hadi 60 | Picha ya siku nzima |
| Gazeti | Habari imeshapoa | Sahihisho huchapishwa | Ukurasa wa mwisho | Kuelewa sababu |
| TikTok, YouTube | Hukupa unachokipenda | Video hufutwa kimyakimya | Hakina | Kujifunza ufundi, burudani |
| TMA, Wizara, Benki Kuu | Hakuna | Taasisi kwa jina | Ukurasa mmoja au miwili | Uamuzi |

Jedwali linaficha mengi, kwa hiyo tuingie ndani.

## Kundi la WhatsApp

Kwa habari za karibu hakuna kinachoshinda kundi. Daraja limekatika, umeme umerudi, mzee fulani amelazwa: redio itachukua saa nyingi kuyafikia hayo, na mengine haitayafikia kamwe. Tatizo linaanza pale kundi linapogeuzwa idhaa ya taifa. Unamwamini shangazi aliyeleta ujumbe, na imani hiyo inamwangukia mtu usiyemjua aliyeuandika. Shangazi hakuandika kitu, alibonyeza mshale.

Angalia huo mshale. Ujumbe wenye mishale miwili umepita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia, na tangu Aprili 2020 WhatsApp inakuruhusu kuupeleka kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati mmoja. Ukijaribu kuurusha kwenye makundi matano ukakataliwa, simu haijaharibika. Umepewa taarifa kuhusu umri wa ujumbe. Voisi ni mbaya zaidi: hazina tarehe, msemaji hajitaji, na ile ya mafuriko ya miaka iliyopita inaweza kurudi kila masika ikasikika mbichi.

Makundi yana sheria isiyoandikwa. Anayeleta dua hupata mikono ishirini ya kuitikia amina, na anayeleta habari nzito hukutana na ukimya, au admini anakumbusha kwamba "hapa ni mahali pa kujengana". Baada ya miezi michache watu wanajifunza. Kundi linabaki na salamu za asubuhi, picha za harusi na mchango wa msiba, na mtu anaamini kwamba kwao hakuna tatizo kwa sababu kundini hakuna tatizo. Hili huwaumiza zaidi walio mbali. Aliyeko Muscat au Minneapolis hufichwa ugonjwa wa mama kwa miezi, kwa nia njema kabisa, asije akapata wasiwasi akiwa kazini. Habari za kufarijiana hapo hakuzichagua, amechaguliwa. Dawa yake ni kumpigia simu mtu mmoja, pembeni ya kundi, na kuuliza swali lisilojibiwa kwa "wote wazima": mama alikwenda kliniki lini mara ya mwisho, na waliandika nini kwenye kadi?

Uamuzi wetu: baki kwenye kundi, zima arifa zake (chaguo ni saa 8, wiki moja au daima), zuia picha na video zisijipakue zenyewe, na usilipe kundi kazi ya kukuambia hali ya nchi.

## Redio na taarifa ya habari

Nguvu ya redio ni kwamba inakwisha. Taarifa ya dakika kumi ikisomwa imesomwa. Hakuna kidole cha kuivuta iendelee. Anayesikiliza ITV au TBC saa mbili usiku, au taarifa ya Kiswahili ya saa moja jioni kwenye runinga za Kenya, anapata mabaya na mazuri yakiwa yamepangwa na mtu mwenye jina na leseni ya kupoteza. Huwezi kuruka lile usilolipenda mpaka lipite, na hiyo ni faida ambayo simu imeiondoa.

Udhaifu wake ni mpangilio. Vituo vya nyumbani huanza na viongozi: nani kazindua nini, nani kapokea ujumbe kutoka wapi. Tangazo la kipindupindu au la mvua linalokugusa wewe linaweza kuja dakika ya ishirini, ukiwa jikoni. Idhaa za nje, kama BBC Swahili iliyoanza mwaka 1957 na DW Kiswahili ya tangu 1963, husema wazi mambo ambayo vituo vya ndani huyazunguka, ila sehemu kubwa ya vipindi vyao ni vita na migogoro ya mbali ambayo msikilizaji wa Singida hana la kuifanya. Ukizisikiliza kutwa nzima utaishia kule kwa Witte: hatari juu, uwezo chini. Kipindi kimoja kwa siku kinatosha. Usiegemee idhaa moja tu, pia. Machi 2025 matangazo ya Sauti ya Amerika yalisimamishwa kwa amri ya serikali ya Marekani, na waliokuwa wakiitegemea peke yake wakaamkia ukimya.

Kipindi cha asubuhi cha kusoma vichwa vya magazeti kinapendwa, nasi tunakihesabu kuwa njia duni kuliko zote za kupata habari. Kichwa kimeandikwa ili ununue gazeti, kwa hiyo kimebeba hofu yote, na maelezo yanayoipunguza yako ukurasa wa tano ambao mtangazaji hausomi.

## Gazeti

Limechelewa kwa siku moja, na hiyo ndiyo sifa yake. Uvumi wa jana mchana umeshakufa kabla ya mtambo kuanza. Mwananchi au Taifa Leo likikosea, sahihisho linachapishwa, na unaweza kulishika mkononi. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, kurasa za mbele za bandia husambazwa sana WhatsApp, hasa wakati wa uchaguzi: linganisha na ukurasa uliowekwa na gazeti lenyewe kwenye akaunti yake, kisha angalia tarehe, namba ya toleo na herufi za kichwa. Pili, gazeti linaweza kunyamazishwa. Oktoba 2024 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni inayochapisha Mwananchi. Habari usizoziona siku kama hizo hukuzikwepa wewe, na ni vizuri kujua tofauti.

## TikTok na YouTube

Hapa watu wengi hudhani wamepata chanzo cha kuwafariji, kumbe wamepata chanzo cha kuwashika. Mfumo unahesabu sekunde ulizotazama. Hauna habari kama ulitazama kwa kucheka au kwa hasira, na ukimjibu kwa matusi mtu usiyemkubali, umemwambia mfumo akuletee mwingine kama yeye. Ndiyo maana ukurasa wa mtu mmoja umejaa vichekesho na mwingine umejaa maafa, na kila mmoja anaapa kwamba hiyo ndiyo hali ya dunia.

Mchambuzi wa YouTube ana tatizo jingine. Kipato chake kinategemea wewe kurudi kesho. Akisema "hili silijui, subirini takwimu", unaondoka. Akisema "wanakuficha, mimi nitakwambia", unabaki. Faraja anayokupa ni ya kukuona una akili kuliko wengine, na hiyo ni tamu kuliko habari njema. Mpime kwa lile swali la nne.

Kama hutaki kuziacha, zirekebishe. Bonyeza video kwa sekunde mbili, chagua kwamba hutaki za namna hiyo, rudia kwa siku kadhaa. TikTok tangu 2023 ina kitufe kwenye mipangilio cha kuanza ukurasa upya. YouTube ina chaguo la kutopendekezewa chaneli fulani, na la kusimamisha historia ya ulivyotazama. Bila kusimamisha historia, utaondoa chaneli moja na itakuja dada yake.

## Tangazo la taasisi, na kauli ya kumtuliza mtu: Oktoba 2023

Hili ndilo eneo ambalo uchaguzi una gharama, kwa hiyo tukae hapo.

Kabla ya vuli ya 2023, TMA nchini Tanzania, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD (jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake), walitoa utabiri unaoelekeana: El Niño, yaani joto la maji ya Bahari ya Pasifiki kupanda kuliko kawaida, ipo, na maeneo mengi ya Afrika Mashariki yatapata mvua za juu ya wastani kati ya Oktoba na Desemba. Mapema Oktoba, Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba wataalamu wamesema mvua itakuwa nyingi lakini haitafika kiwango cha El Niño kilichohofiwa. Kauli hiyo ilipokelewa kwa furaha. Ilikuwa fupi, ilitoka kwa mtu anayejulikana, na haikumtaka mtu kufanya chochote. Wataalamu waliendelea kusema El Niño haijaondoka, kwa lugha yao ya asilimia na wastani. Mvua iliponyesha Novemba, mafuriko yaliua watu zaidi ya 100 nchini Kenya na kuwahamisha wengi kuanzia kaskazini mashariki hadi Pwani. Tarehe 3 Desemba, upande wa Tanzania, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Waliokufa walizidi 80.

Kwa nini kauli ya kutuliza iliaminika kirahisi? Sababu moja kubwa ni 2015. Mwaka ule El Niño kali ilitabiriwa, watu wakakumbuka mafuriko ya 1997 na 1998, wakajiandaa, na mvua katika maeneo mengi haikufika huko. Wengi wakatoka na funzo kwamba watabiri hutisha bure. Maelezo halisi yako Bahari ya Hindi. El Niño hupimwa Pasifiki, lakini vuli yetu inategemea sana pia tofauti ya joto kati ya magharibi ya Bahari ya Hindi, upande wetu, na mashariki yake karibu na Indonesia. Upande wetu ukiwa na joto zaidi, unyevu unasukumwa kuja kwetu. Mwaka 1997 tofauti hiyo ilikuwa kubwa sana; 2015 ilikuwa ndogo zaidi; 2019 ilikuwa kubwa na mafuriko yakaja bila El Niño ya maana; 2023 vyote viwili vilikutana. Kwa hiyo Oktoba ya mwaka wowote, usiulize tu "El Niño ipo?" Uliza "na Bahari ya Hindi inasemaje?" Jibu limo kwenye utabiri wa msimu, kwa kawaida kurasa za mwanzo, kwenye sehemu ya mifumo ya hali ya hewa.

Sasa jinsi ya kusoma tangazo lenyewe. Utabiri wa msimu husema "wastani", "juu ya wastani" au "chini ya wastani", na wastani huo ni wa miaka 30 ya mahali husika, kwa hiyo juu ya wastani Dodoma bado inaweza kuwa chini ya wastani wa Bukoba. Tahadhari ya siku tano ya TMA ina rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini yake kuna mistari miwili ambayo watu huiruka, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, na ndiyo yenye habari. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa unahitaji maandalizi. Uwezekano mkubwa wenye athari ndogo unahitaji mwavuli. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilionyesha mfumo ukifanya kazi: TMA ilitoa taarifa mfululizo, na boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa kabla upepo haujafika.

Kosa la matangazo haya ni kuishia kwenye "wananchi wanashauriwa kuchukua tahadhari". Tahadhari gani? Hapo ndipo msomaji anaporudi kwa anayemtuliza. Jaza pengo mwenyewe siku unaposoma, kwa vitendo visivyozidi vitatu: vyeti na hati kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, mfereji wa nyuma ya nyumba usafishwe mpaka mwisho wake na si nusu, magunia yapande juu ya chaga angalau kimo cha goti. Ukikosa kitendo hata kimoja cha kuandika, iache habari hiyo ipite bila kujilaumu. Haikuwa yako.

## Taasisi nayo ikinyamaza

Kuna pingamizi la haki: vipi pale chanzo rasmi ndicho kinachofariji? Mwaka 2020 Tanzania iliacha kutoa takwimu za korona. Idadi ilibaki wagonjwa 509 na vifo 21 kwenye majedwali ya dunia kwa zaidi ya mwaka, nchi ikatangazwa kuwa imeushinda ugonjwa, na nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke wa majani, ikawa jibu la nyumba nyingi. Aliyekuwa anafuata chanzo rasmi peke yake alikuwa amefarijiwa kikamilifu. Takwimu zilianza kutolewa tena katikati ya 2021, na chanjo ikazinduliwa Julai mwaka huo.

Katika ukimya wa namna hiyo angalia vitu viwili. Cha kwanza ni tarehe: jedwali lisilobadilika kwa wiki tatu wakati nchi jirani zinabadilisha kila siku limeacha kuwa taarifa. Cha pili ni mtu wa ndani anayesema asilotarajiwa kusema. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa barua ya kutahadharisha juu ya wimbi jipya. Taasisi ya dini ingeweza kuhubiri matumaini tu na kupendwa; ilipochagua onyo, onyo hilo lilikuwa na uzito kuliko video mia za wapinzani wa siku zote.

Wahakiki wa habari, kama PesaCheck, Africa Check, Nukta Fakti na JamiiCheck, husaidia pia, hasa kwa picha, klipu na kurasa bandia. Ila wanafanya kazi baada ya uzushi kutoka, na huhitaji muda, kwa hiyo usiwategemee kwa habari ya saa hiyohiyo. Watumie kabla ya kusambaza, pale ambapo kuchelewa hakumdhuru mtu.

## Nani achukue kipi

Anayefanya kazi za ofisini na hulala vibaya kwa sababu ya habari: taarifa moja ya redio jioni, iishe walau saa mbili kabla ya kulala, gazeti moja mwishoni mwa wiki, arifa zote za habari zizimwe. Utapitwa na mambo kwa saa chache, na karibu yote hayatakuwa na madhara kwako.

Mkulima, mvuvi na anayekaa bondeni: anza na TMA au idara ya Kenya, ya msimu mara mbili kwa mwaka na ya siku tano wakati wa mvua. Kundi la mtaa lifuate, kwa ajili ya barabara na madaraja. TikTok isihesabiwe.

Anayeweka pesa zake mahali, iwe VICOBA au mradi unaoahidi faida ya haraka, asome kwanza maonyo ya Benki Kuu kisha ndiyo asikilize ushuhuda wa waliokwishalipwa. Wanaotoa ushuhuda huwa wakweli mwanzoni. Wamelipwa kwa fedha za walioingia baada yao, ndiyo maana ushuhuda hauthibitishi kitu.

Nyumba yenye mzee wa shinikizo la damu, au mgonjwa anayeshtuka kwa kila kichwa cha habari, haimhitaji kila mtu afuate kila kitu. Mwacheni mzee na kipindi chake cha taarabu au mahubiri. Kazi ya kusoma matangazo apewe mmoja wenu kwa jina, mwenye simu yenye chaji, na akubaliane na wengine kwamba atawaletea habari pale tu kuna la kufanya, pamoja na hilo la kufanya. Mteueni na wa pili wa akiba, maana wa kwanza naye ipo siku atachoka.